Mizani Saba

Nimeambiwa nimtungie ami utenzi,
usomwe kwenye arubaini yake, Kengeja, baada ya hitima,
kabla sahani hazijatoka jikoni.
"Wewe ndiye uliyesoma," kasema shangazi Bimize,
kama kwamba kusoma ni kalamu
na ushujaa ni wino, upo tu, unangoja kuchovywa.

Nikaanza vizuri:

    Mjaka shujaa wetu,
    ndume wa Kengeja kwetu,
    asotishika na kitu,
    pembe aliikabili.

    Akaikunjua shuka,
    pembe mbili zikafika,
    wala hakutetereka,
    kasimama ja jabali.

Nane, nane, nane, nane. Vina vimekaa
kama watoto wa chuoni mbele ya mwalimu mkali.
Na karibu kila neno la uongo.

Nilikuwepo. Miaka tisa, mabegani mwa baba.
Dume lile la mchezo likiitwa Kaditama,
maana baada yake hakuna la kuongeza.
Zumari ilinyamaza kabla kamba haijakatika;
mpaka leo sijui mpigaji aliona nini.
Shaame Faki akaanguka kwanza.
Na ami yangu,
aliyeapa usiku wake barazani, kahawa mkononi,
kuwa atalilaza dume lile kama mtoto wa kunyonya,
akatupa shuka akakimbia,
kiatu kimoja, mdomo wazi,
akaparamia ua wa makuti wa Bi Tumu
ukaporomoka naye juu ya masufuria.
Wanawake walicheka. Mama pia alicheka.
Baba akanishusha chini, tukaondoka,
sikuona zaidi.

Unguja, mwaka wa pili wa chuo, nilisomeshwa
mashairi ya vita ya Waingereza wa kale,
watu wa baridi na matope
walioapa makubwa usiku, bilauri mikononi,
na asubuhi wakaikuta ahadi imekaa ukingoni mwa kitanda,
imeshavaa deraya, inawasubiri.
Nilidhani nitakutana na majabali.
Nikakutana na bwana aliyeuliwa na majivuno yake
na vijana waliokimbilia msituni.
Na mtunzi akawataja! Jina, na jina la baba.
Niliona haya kwa niaba yao.
Karne zote hizo, na bado wanakimbia.
Kwetu maiti husitiriwa. Hutajwa mema yake,
mengine huzikwa naye, udongo ukashindiliwa.

Jana nikampelekea Shaame Faki beti zangu.
Akasikiliza, mguu wa kushoto umenyooshwa juu ya kigoda
kama unavyokaa tangu siku ile.
"Nzuri," kasema. "Huyu nani?"

Nikanyamaza.

"Mimi n'likuwa chini, mwanangu. N'naona miguu tu.
Miguu ya watu, yote yaenda.
Kisha miwili ikarudi.
Yatetemeka hata nikadhani ya kizee.
N'likuja mjua kwa kile kiatu kimoja.
Akanishika makwapani akanikokota,
analia, ananitukana kwa nini mzito,
na dume liko pale, pumzi zake tunazisikia.
Kajikojolea, maskini."

"Nilitie hilo?"

Akafikiri kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.
"La mkojo sitiri. Mengine tia."

Nikaandika palepale, kwenye goti langu:

    Mjaka alikimbia,
    ua akaurukia,
    mwenziwe kumrudia
    kwa miguu dhalili.

Akahesabu kwa vidole, mzee huyu asiyejua kusoma
ila masikio yake hayajawahi kudanganywa na mtunzi.
Kidole kimoja kikabaki juu.
"Wa mwisho pungufu. Saba."

"Najua. Nimetafuta neno, sikupata."

Akautazama mguu wake juu ya kigoda,
akaushusha taratibu kwa mikono miwili,
akaishika fimbo, maana adhana ilikuwa imeanza.
"Uwache hivyohivyo," kasema. "Utafika."