Fundo la Tatu

Kamba niliinunua soko la Mbale,
ya katani, mita kumi na nne.
Nikaifunga mlangoni pa Mama Kageha,
nikaipitisha kando ya lile jabali
wanaloteleza wajukuu wakija Desemba,
mpaka chooni.
Fundo la kwanza: ngazi.
La pili: inama, tawi la mpera.
La tatu: umefika, shika ukuta.

Mwanawe alipiga simu kutoka Nairobi:
"Mleteni huku. Asiyeona atakaaje peke yake?"
Mama akaomba simu, akaishika kichwa chini,
nikaigeuza.
"Na kuku wangu," akauliza, "utawapakia wapi?"

Basi nikawa naenda kila Jumanne.
Mkebe wa chumvi tuliuvisha raba moja,
wa sukari mbili.
Wa majani ya chai alikataa: "Huo naunusa."
Jiko tukaliinua juu ya matofali.
Mara mbili aliungua. Mara moja alinitukana
kwa Kimaragoli nisichoweza kukiandika hapa.

Kisha homa ikanilaza wiki tatu.
Ya nne nikapanda mlima roho mkononi,
nikaikuta kamba imejaa:
leso mbili, gauni la kanisani, shuka,
zote zinachuruzika.

"Mama, sasa utapitaje?"

Alikuwa anarudi kutoka chooni,
kiganja juu ya jabali
kama juu ya kichwa cha mtoto.
"Kamba ni nzuri," akasema.
"Ila fundo la tatu linanikunjia shuka.
Hebu lifungue."