Ukoko

Fomu ya kituo ilikuwa na mistari minne tu.
Jina: hana. Umri: miwili, labda mitatu.
Asili: mchanganyiko. Masikio ya mbwa wa kuwinda,
miguu ya mkimbiaji, mkia wa nani sijui.
Tabia: na hapa Dama, mtunzaji wao,
alibonyeza kalamu mpaka karatasi ikatoboka:
ANAKULA.

"Mzee Kazungu, fikiri tena," akaniambia.
"Watu wawili wameshamrudisha.
Wa kwanza, kule Ngala, alikosa keki ya harusi.
Wa pili alikosa kuku watatu na kandambili moja."
Nikauliza: ya kulia au ya kushoto?
Dama hakucheka. Nilicheka mwenyewe,
na sauti ikanishtua
kama bawaba iliyokaa mwaka bila mafuta.

Miaka ishirini na tisa nilipika hotelini,
nikijua kitunguu kimeiva kwa kukisikiliza.
Tangu tumzike Sidi
nimekuwa mtu wa chai na mkate wa jana.
Sufuria kubwa niliifudikiza uani,
ikawa kiti cha paka wa watu.

Basi tukatoka, kamba mkononi mwangu,
ingawa nani alimvuta nani, aliyetuona aseme.
Malindi yangu ya miaka yote akanisomea upya kwa pua:
hapa viazi karai,
hapa mafuta yaliyochoka,
hapa pana papa mkavu,
hapa palikuwa na papa mkavu juzi.
Kwa muuza mishkaki akaketi
kwa adabu ya mwalikwa aliyewahi karamuni.
Hakubweka. Alitazama tu.
Nilinunua miwili, nikaambulia kijiti.

Maweni, Bi Mwanakheri akakusanya buibui magotini:
"Jirani, huyo asinikaribie,
nina udhu wangu wa alasiri."
Nikasema nitamfunga.
Nikamfunga kwenye mpapai.
Akaondoka na mpapai.

Usiku ule hakulala.
Alizunguka nyumba akiihoji pembe kwa pembe.
Upande wa kitanda aliokuwa akilala Sidi
alinusa muda mrefu kuliko jikoni,
na jikoni palikuwa na dagaa.
Sikumwambia kitu.
Naye hakunieleza.

Alfajiri nikamfukuza paka, nikaipindua sufuria.
Nikakaa juu ya mbuzi, goti likalia kabla ya nazi.
Tui la kwanza, tui la pili, mchele, chumvi kwa kidole,
makaa juu ya kifuniko, kama zamani.
Kisha nikamtazama akitazama,
tukatazamana mpaka harufu ikatuamsha wote wawili:
mimi, mpishi wa miaka ishirini na tisa,
nimeunguza wali!

Akaula ukoko wote.
Akailamba sufuria, akaisukuma kwa ulimi
uani, mzunguko baada ya mzunguko,
hadi ikaupiga ukuta wa Bi Mwanakheri
kwa kishindo cha radi ya masika.
Jina likapatikana hapo hapo.
Na rangi yake, ukimtazama vizuri, ni hiyo hiyo.

Siku hizi, baada ya adhuhuri,
kichwa cha changu hudondoka kutoka juu ya ukuta ule.
"Si kwa mapenzi," sauti husema. "Kimeanza kunuka."
Kila siku kimeanza kunuka.
Jana kilikuwa kimekamuliwa ndimu.