Daftari la Stoo Namba Tatu

Naandika kwa kalamu, ingawa wamenipa kompyuta,
kwa sababu umeme wa Goma huondoka bila kuaga
na ndege sita haziwezi kusubiri.

Ndege sita, bendera tisa.
Mkia mmoja ulilipiwa na watu wa kaskazini,
injini na wengine, wenye noti za rangi nyingine;
magurudumu, wanasema, bado ni deni.
Saa za kuruka hugawanywa kama nyama ya harusi:
aliyechanga kidogo ndiye anayelalamikia mfupa.

Droo ya kwanza ina skrubu za inchi,
ya pili za milimita,
ya tatu zile ambazo hakuna taifa lililokubali kuwa ni zake.
Hizo ndizo zinazotumika zaidi.

Njia ya kurukia ni fupi kuliko ilivyo vitabuni mwao.
Mlima uliila upande mmoja nikiwa darasa la nne,
lava ikaganda pale ndege zilipokuwa zikigeuka.
Rubani mgeni akiuliza mita ngapi
namwonyesha jiwe.

Mwezi wa tisa yalifika masanduku ya macho mapya
pamoja na sajini Oddvar, aliyeogopa mbu kuliko risasi.
Mabawa ni yale yale, yana umri wangu,
yana viraka kama suruali ya shule.
Lakini macho, alisema, yanajua joto la sungura
gizani, kutoka kilomita tano,
na yanajua majina: lori, pikipiki, ng'ombe, mtu,
mtu mwenye bunduki.
Siku kumi na saba tulipasua matumbo ya ndege,
tukang'oa nyaya zilizoandikwa
kwa lugha ya nchi isiyokuwepo tena.

Safari ya kwanza, skrini ikajaa vyekundu
barabara ya Sake, kwenye mteremko.
Haitambuliki. Haitambuliki. Haitambuliki.
Vitu virefu, vyenye pembe mbili,
vinashuka mbio bila joto la injini,
juu ya kila kimoja mtu amepiga goti.
Maofisa wakasimama. Mmoja akashika simu.

Mimi nilikuwa nimeleta fyuzi.
Nikasema: chukudu hizo.
Wakanitazama kama sanduku lililopiga chafya.
Chukudu. Za mbao. Ile imebeba viazi, ile makala,
ile ya nyuma breki yake ni kipande cha tairi
chini ya kisigino, na kimeisha, ndiyo maana hasimami.

Ikabidi jina liingizwe.
Kamati ilikaa siku mbili:
huyu anataka T mbele, yule anaikataa,
mwingine anauliza kama hakuna neno la kawaida.
Barua kumi na nne, mihuri tisa.
Gharama ya ndege kukaa saa moja angani
niliipiga hesabu mara moja tu. Sikurudia.

Jumapili nilikwenda Kanyaruchinya, kwenye turubai la mama.
"Ile ndege yenu inaonaka nini usiku?"
Inaona jiko lako, nikamwambia.
Inaona mkono wako juu ya jiko.
"Na bale balitufukuzaka Kibumba, ilibaona?"
Iliwaona, Mama. Iliwahesabu.
Mia mbili na arobaini na mmoja.
Akainama, akapuliza makaa,
majivu yakamrukia kwenye kope.
"Kisha?"

Daftari langu lina safu ya tarehe,
ya kipuri, ya idadi, ya sahihi.
Nimetafuta pa kuliandika swali lake.

Leo nimetoa: fyuzi nne, gundi kopo moja,
skrubu moja ya droo ya tatu.
Namba tano imeruka saa kumi na moja alfajiri.
Kabla haijaruka niliona majivu ya mlima kwenye jicho lake jipya
nikayafuta kwa shati langu,
jambo ambalo maagizo, ukurasa wa sita, yanakataza.