Nyota Mbele ya Goti

Wodi ya mifupa, ghorofa ya tatu, mjini Halle.
Theluji imegoma kuyeyuka dirishani,
na Bibi Irmgard Tiedemann, miaka themanini na mmoja,
ana goti jipya la chuma
na daftari la zamani.

Kila asubuhi kwenye chumba cha chai
humuuliza kila mgonjwa swali lile lile,
kama mwenye duka anayedai deni dogo:
Hapa, kwenu, panaitwaje?
Kidole kiko juu ya bendeji.

Farhang, dereva wa teksi kutoka Shirazi,
aliyeteleza kwenye barafu na mfuko wa viazi,
anasema: zanu.
Despina, kwenye kiti cha magurudumu: gonato,
kisha anaomba dawa ya maumivu.
Hovsep fundi viatu anasema tsunk,
kama lozi iliyobanwa na mlango.
Yeye mwenyewe husema Knie, na K yake inasikika,
si kama Waingereza, wanaoiandika na kuimeza.

Anawapanga mstari.
Ndugu waliohamiana zamani hata wakabadili sura,
lakini tazama vizuri:
pua ni ile ile.

Nesi Gülsüm anacheka akikusanya vikombe.
Kwetu ni diz.
Diz! Bibi anapiga meza kwa furaha.
Basi wewe si wa ukoo, mwanangu, wewe ni jirani.
Jirani ndiye anayeleta supu, anajibu Gülsüm.

(Nawe unayesoma, usikimbilie.
Goti letu nalo linaanza na g,
lakini hiyo ni bahati tu:
watu wawili wamekutana sokoni
na mashati yanayofanana.)

Chini ya orodha anaongeza moja:
gonu, na mbele yake nyota.
Nyota hiyo si pambo.
Maana yake: hakuna aliye hai aliyelisikia,
halikuchongwa kwenye jiwe lolote,
tumelikisia, kama unavyokisia mtungi
kwa vigae vitatu na umbo la tundu.
Miaka elfu sita, labda. Nyika yenye baridi, labda.
Walipiga magoti, hilo sina shaka nalo.
Nani awezaye kupuliza moto akiwa wima?

Wapo wataalamu wasemao
baba alimpakata mtoto mbele ya watu,
na hapo ndipo mtoto akawa mtoto wa kweli.
Sisi tuna kitenzi kizima cha kazi hiyo,
hatukuhitaji hata kulitaja goti.
Wengine wanabisha.
Bibi alibisha, darasani, miaka thelathini,
kwa tanbihi nne na chaki iliyovunjika.

Usiku, dawa ikimlegeza ulimi,
anamwambia Gülsüm jambo lisilomo daftarini.
Baba alirudi kutoka Urusi mwaka arobaini na tisa.
Nilikuwa na miaka sita.
Nilikimbia nimpande,
na suruali yake, upande wa kushoto,
ilikuwa imekunjwa na kubanwa kwa pini,
juu kabisa.
Akasema: huku, njoo huku, upande wa pili.
Nikarudi nyuma ya mama.

Upande wa pili sikuupanda.
Wala hakuniita tena.

Gülsüm hana la kusema. Anapandisha blanketi
mpaka kidevuni, anazima taa,
anaiwasha tena ile ndogo.

Asubuhi ni mazoezi.
Kunja, nyoosha, kunja.
Chuma kinalia kidogo, kama bawaba ya nyumba
ambayo bado haijazoea watu wake.
Bibi anasaga meno na kuhesabu,
na katikati ya sita na saba anasita,
mguu ukiwa hewani,
analitamka lile neno lenye nyota,
taratibu, kwa sauti kamili,
kama anayemwita mtu chumba cha pili.

Hovsep anageuka kwenye magongo yake:
Umeniita?