Vidole Viwili

Alikuja mvua ikinyunya, Makoroboi ikinuka turubai,
akavua kiatu kimoja tu, cha kulia,
akakilaza gotini pangu kama mtu anayeweka rehani.
"Fundi," akasema, sauti ameishusha,
"niongezee vidole viwili. Kwa ndani. Pasionekane."

Shigela, karani wa mizani kiwanda cha minofu,
mtu ambaye sangara hawezi kumdanganya hata gramu kumi,
anataka nimwibie urefu.

Nikachukua boya la wavu,
jeupe, jepesi, lililokwisha kuogelea maisha yake,
nikalichonga: nene kisiginoni, jembamba likielekea vidoleni,
nikalivisha ngozi, nikalizamisha kiatuni.
Akasimama. Akazitazama nyumba zilizoparamia miamba
kama mtu aliyehamia ghorofa ya pili.
"Njia ya mwongo ni fupi," akanong'ona jirani yangu, muuza soksi.
Nikamjibu: ndiyo maana huyu ameomba aongezewe.

Usimcheke. Nenda ufukweni ukalitazame jiwe la Bismarck:
nalo limepanda juu ya mengine, maji yamezificha nyayo zake,
watu wanalipiga picha mchana kutwa
na hakuna anayeliambia, hebu vua tukuone.

Lakini kuna jambo.
Jumanne iliyotangulia alikuja dada mmoja mrefu,
mrefu wa kuinamia milango,
na viatu vyeupe vya visigino mkononi.
"Punguza," akasema. "Viwe bapa kama chapati.
Nina mtu wangu. Sitaki ainue shingo akiongea na mimi."
Nikavikata kwa msumeno. Vumbi jeupe likanijaa ndevuni.
Vipande viwili nikavitupa kwenye kopo la misumari.

Sasa, boya peke yake hubonyea, kila fundi anajua.
Linataka kitu kigumu chini yake.
Kopo lilikuwa karibu.

Sikujua. Naapa sikujua,
mpaka Shigela alipokwisha kulipa, akanionyesha simu:
"Nkwimba huyu, fundi. Jumamosi ananipeleka kwao."
Na mimi nimeng'ata misumari mitatu mdomoni,
nikaitikia kwa kichwa.

Jumamosi wakapanda meli ya Nansio.
Mimi sikuwaza mawimbi. Niliwaza mkeka.
Ukweni huingii na viatu.
Kando ya kizingiti pana ndala za watoto, pea saba,
mama mkwe amesimama na birika la kunawia,
na hapo ndipo karani anapopimwa bila mizani:
anainama, fundo la kamba linagoma,
anajifanya anakohoa,
anavua.
Anashuka.
Vidole viwili tu, lakini siku hiyo
ni mbali kuliko kutoka Bugando hadi ziwani.

Yaliyotokea sikuyaona; nilikuwa hapa, napiga kiraka.
Wiki tano baadaye viatu vya Shigela vilirudi
vimebebwa na Nkwimba, ndani ya mfuko wa sukari.
Hakunisalimu. Akatia mkono, akachomoa boya, akaligeuza.
Akakiona kisigino chake,
weupe wake, mkwaruzo wake alioupata kwenye ngazi za kanisa.
Akanyamaza muda wa meli kupiga honi mara mbili.
Nikatazama kwingine, nikapanga rangi zangu, nyeusi, kahawia, nyeusi.

"Ulitia wewe?"
"Nilitia mimi."
"Anajua?"
"Hajui."

Akakaa kwenye benchi la wateja, ile miguu mirefu
ikafika hadi katikati ya njia, watu wakairuka,
akacheka mpaka muuza soksi akaja kuuliza bei ya kicheko.
Kisha akafuta macho kwa kitenge.
"Gundisha tena," akasema, "la kushoto limeanza kuachia.
Na ukimwambia, sikulipi."

Sikumwambia. Simwambii mtu.
Tangu asubuhi nimekaa kwenye kigoda cha inchi nane,
na kutoka hapa chini
sijawahi kumwona mtu mfupi.