Pumzi Moja Mbele

Karani wa vizazi, mjini Galaksidi,
kalamu yake ilining'inia hewani.
"Jina la mtoto?"
"Alkioni," akasema Danai,
maziwa yakimlowesha blauzi.

Mama mkwe akabwaga mkoba mezani.
Binti wa kwanza humrithi bibi mzaa baba:
Polikseni, ndivyo ilivyo, ndivyo ilivyokuwa.
Tena jina hilo, hamjui lilikotoka?
Mke aliyeota mumewe kazama,
akaamka, akashuka ufukweni,
akamwona anakuja na mawimbi, kavimba.
Akajirusha. Kabla hajagusa maji
mikono ikawa mbawa, mdomo ukachongoka,
kilio kikawa mlio wa mdiria.
Eti miungu ilimhurumia!
Huruma gani hiyo, kumpa mjane manyoya?

Karani, mlevi wa kamusi, akavua miwani.
"*Hals* ni bahari. *Kyo* ni kushika mimba.
Walidhani ndege yule hutaga juu ya maji
katikati ya baridi,
na pepo hufungwa siku kumi na nne
yai lisije likapotea.
Lakini wajuzi wanakataa.
Jina ni kongwe, labda kuliko Kigiriki chenyewe,
halikuwa na chumvi hata chembe.
Watu walilisikia, wakatazama bahari,
wakaongeza pumzi moja mbele, *ha*,
bahari ipate mlango wa kuingilia."

Kimya.
Nje mlozi ulikuwa umechanua, Januari,
mtu anaanika mashuka kana kwamba ni Mei.

Polikseni alikuwa akiikunja risiti ya duka la dawa,
akiikunja tena, mpaka ikakataa kukunjika.
Meli ya makaa. Ghuba ya Biskai.
Miaka arobaini na mitatu, na Anargiros
hajarudishwa hata kiatu.
"Yule," akasema, "yule alau aliletewa wake."

Kisha, kwa karani:
"Hiyo pumzi. Utaiandika?"
"Alama yake ilifutwa, bibi. Serikali.
Siku hizi tunaanza na A, kavu."
"Andika kavu basi."

Akamchukua mtoto, akamsogeza karibu na uso,
akafungua mdomo kama afutaye kioo:
*ha*

Mtoto akapiga chafya.
Karani akauliza tarehe ya kuzaliwa.