Matundu ya Vidole Vitatu

Bwana Samaki alikuja Jumanne na kijiti chake.
Inchi tano, akasema, si chini ya hapo.
Akakipenyeza kwenye tundu, kikakwama,
na wavu wa Masubo ukachomwa mchana kweupe
pale pale mwaloni, watoto wakiota moto.

Mimi nilikuwa nasonga ugali.
Ndani ya chungu, chini ya kimea cha mtama,
zililala nyavu mbili nyingine, zimekunjwa mbichi,
zinanuka furu hata paka akanisaliti:
alikizunguka chungu akilia.
Nikamtupia utumbo wa ningu. Akanyamaza.
Askari naye nikampa bakuli. Akanyamaza.

Usiku tukaenda kununua nyingine.

Kwa nani? Kwa wale wale,
wa ng'ambo ya Irugwa,
ambao mchana hatupeani hata moto wa kiko.
Msimu uliopita walikata kamba za maboya yetu,
nasi tukautoboa mtumbwi wao, ukazama na ngege wake,
na kaka yangu Maingu, aliyetoka kutega siku hiyo,
hakurudi, wala kasia lake.

Mahali penyewe ni mwamba usio na jina
kwenye ramani ya Serikali.
Sisi twauita Kinyozi,
maana hunyoa matumbo ya mitumbwi.
Hapana salamu. Taa haiwashwi.
Okech ana Kiswahili cha bandari ya Kisumu,
mimi nina cha misheni; tunakutana kwenye hesabu.
Kumi na mbili. Kumi. Na gunia la mchele.
Nusu gunia.
Haya.

Niliupokea wavu gizani, nikaupima kwa vidole:
kimoja, viwili, vitatu, tundu likakaza.
Mzuri. Kisha kidole kikafika ukingoni
kikakuta fundo.

Wafumaji wote niwajuao hufungia kulia.
Maingu alikuwa wa kushoto.
Mama aliupiga mkono ule kwa mwiko, haukubadilika,
na kila wavu alioushona
ulibaki na makovu yaliyotazama upande wake.

Sikusema kitu. Okech naye kimya,
kimya cha mtu anayejua anachouza
au cha mtu anayezuia kikohozi;
gizani ni kimya kimoja.
Bituro akaninong'oneza: Vipi, umetoboka?
Nikasema la, mzima.
Nikahesabu shilingi kumi,
nikaongeza zile mbili alizotaka mwanzo.
Mpaka leo sijui nililipia nini.

Alfajiri tukautega. Ukatoa ngege arobaini,
wa kiganja, ambao sheria inasema ni watoto.
Tuliwala na mifupa.

Jumanne nyingine Bwana Samaki akarudi.
Nikamtolea wavu wa inchi tano, mpya,
ambao haujawahi kulowa.
Kijiti kikapita bila kugusa.
Akaandika kitabuni: mwalo huu ni mtiifu.

Paka alikuwa amekaa juu ya chungu,
anajilamba.